Sanduku la Kufuli Tatu na Kituo cha Polisi

Mazungumzo yaliyosomwa kwa niaba ya wanachama siku ya kuadhimisha miaka 10 ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa, Mwanza



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku hii. Tunawashukuru pia wote mliotuchangia viti, turubai na mchele. Wali mmeuona, na harufu ya pilau mnaisikia, kwa hiyo hatutawachosha.

Kamati ya maandalizi ilipotupangia mazungumzo haya, wengi walitarajia tuseme habari za hisa na mikopo. Hesabu hizo Mweka Hazina ameshazisoma, na zimechapwa kwenye kurasa za mbele za kijitabu hiki. Mkutano wetu mkuu uliamua kwa kura kwamba muda huu utumike kuzungumza juu ya polisi wetu na imani yetu kwao. Kura zilikuwa 23, waliokataa walikuwa 4. Wale wanne walisema, "Mtajitafutia maneno." Tumewasikia, ndiyo maana tumeandika na tunasoma, hatusemi kutoka kichwani.

Pengine mtu atauliza, akina mama wa kuweka na kukopa na polisi wapi na wapi? Jamani, si mnajua sisi tunatembea na nini kila Jumamosi? Mama anatoka hapa na laki tatu ya mkopo imefungwa kwenye kanga, jua limezama, anapita kwenye korongo kuelekea kwake. Mwezi wa Desemba tunapovunja sanduku na kugawana, kila mmoja anatoka na akiba yake ya mwaka mzima. Mtaa wote unajua tarehe. Kuku wanajua. Ulinzi ukiwa mbovu, kikundi hakiwezi kuwepo, hata kama kila mwanachama ni mwaminifu kama malaika. Na wezi tunaowaogopa, tuseme ukweli, wengi si wageni. Ni vijana waliokulia hapa hapa, tuliowafuta makamasi.

Kabla ya kufika huko, tuwaeleze wageni wetu jinsi sanduku letu linavyofanya kazi, maana ndilo tutakalolitumia kama mfano hadi mwisho.

Ni sanduku la chuma, lina kufuli tatu. Funguo tatu wanakaa nazo wanawake watatu wa mitaa mitatu tofauti. Anayelaza sanduku nyumbani kwake hana ufunguo hata mmoja. Siku ya mkutano fedha huhesabiwa na wahesabu wawili mbele ya wote, na jumla inatamkwa kwa sauti kubwa, kila mwanachama anaikariri. Mkutano unaofuata, kabla kufuli hazijafunguliwa, tunaulizwa: wiki iliyopita tulifunga na shilingi ngapi? Tunajibu kwa pamoja. Hata bibi yetu ambaye hakusoma hata darasa moja anajibu, tena yeye ndiye wa kwanza.

Katika miaka 10 tumekuwa na wenyeviti wanne. Wa kwanza alipendwa sana. Akicheka, mkutano wote unacheka. Alipomfuata mume wake aliyehamishiwa kazi Geita, watu walisema kikundi kitakufa. Hakikufa, na wala hatukupoteza hata shilingi mia. Tulimpenda, lakini fedha zetu hatukuziweka kwenye mapenzi hayo. Tuliziweka kwenye zile kufuli, na kwenye ile hesabu inayosemwa kwa sauti.

Sasa tuje kwenye kituo cha polisi. Kituo chenyewe hatutakitaja, na aliyepo pale sasa si huyu tutakayemsema.

Wakati fulani katika miaka hii 10 alikuja mkuu wa kituo mpya. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kumwona mkuu wa kituo akitembea kwa miguu. Huyu alitembea. Alifika kwenye mkutano wa hadhara wa mtaa, akasimama, akasema mambo ambayo wengine wetu tuliyasikia kwa mara ya kwanza kutoka mdomoni mwa polisi. Alisema kutoa taarifa ni bure na namba ya taarifa, hiyo mnayoiita RB, ni bure. Fomu ya PF3 ya kwenda nayo hospitali ukiumizwa ni bure. Dhamana ni bure, ni haki ya mtuhumiwa kwa makosa yanayodhaminika. Mwanamke akipekuliwa, anapekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa staha. Mtu akikamatwa, anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Halafu akatoa namba yake ya simu, tukaiandika. Wengi waliiandika kwa mkaa ukutani jikoni.

Mwezi ule ule wa pili tangu afike, kijana mmoja alikamatwa na watu akiwa na mtungi wa gesi usio wake. Ilikuwa saa mbili usiku. Mnajua mambo yanavyokuwa: anapigwa mmoja, wanakuja kumi, mara kuna mtu anatafuta tairi. Mwanachama wetu anakaa nyumba ya tatu kutoka pale. Aliingia jikoni, akasoma namba ukutani, akapiga. Simu ilipokelewa. Gari lilifika kijana akiwa bado ana pumzi. Alishonwa nyuzi, alishtakiwa, alitumikia kifungo chake, na leo anaponda kokoto na kumtunza mama yake. Yule mwenye mtungi aliupata mtungi wake. Hakuna aliyekosa haki yake pale.

Mkuu yule alikaa mwaka mmoja na miezi miwili, akahamishwa. Ndiyo kazi ya serikali, hatulalamiki. Lakini aliondoka na kila kitu. Namba ilikuwa yake, akaenda nayo. Mikutano ilikuwa bidii yake, ikakoma. Aliyemfuata hakuwa mtu mbaya, hatujasema hivyo. Hakuambiwa na mtu kwamba kuna ahadi zilizotolewa kwa wananchi. RB ikaanza tena kuwa na "hela ya karatasi". Ukisema umeibiwa unaulizwa kama una hela ya mafuta ya gari. Ile namba ukutani ukipiga unajibiwa na mtu aliye Singida, anakuhurumia, anakwambia, "Mama, mimi siko huko tena."

Na usiku mwingine ukaja, kijana mwingine, miaka 19. Safari hii ilikuwa simu ya mkononi, na mpaka leo haijulikani kama kweli aliiba. Mwanachama yule yule alikuwa nyumba ile ile. Alipiga namba, hakuna. Akamtuma mtoto wake akimbie kituoni. Mtoto alirudi na jibu kwamba gari halina mafuta. Alipofika, hakukuwa tena na haja ya gari.

Hatutasema jina. Mama yake ni mwenzetu, yumo humu ndani, na ametupa ruhusa tuseme hivi tulivyosema, basi.

Tumekaa na jambo hili muda mrefu, matangani na baada ya matanga. Katika redio wanasema "wananchi wenye hasira kali". Sisi tuliokuwepo tunasema hasira ilikuwepo usiku wote ule wa kwanza pia, kali vile vile. Kilichotofautiana ni kwamba usiku wa kwanza mtu mmoja aliamini kwamba akipiga simu, polisi watakuja, na watu wengine wakaamini kwamba yule mwizi akipelekwa kituoni hatanunua njia ya kutokea. Usiku wa pili hakuna aliyeamini. Mtu asiyeamini kituo anageuka kuwa hakimu na mnyongaji kwa dakika kumi. Tena ni mtu wa kawaida tu, anayeuza mihogo, anayesali.

Wakubwa zetu, jambo hili la dhamana linaua watu, na ni jambo la kuelezwa tu. Mwananchi amemwona mwizi anakamatwa Jumatatu, Jumatano anamwona dukani anakunywa soda. Anasema, "Wamekula hela." Pengine wamekula kweli. Lakini pengine mtu yule amepata dhamana yake kwa haki kabisa, kesi inaendelea, maana Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitishwa. Makosa kama mauaji na unyang'anyi wa kutumia silaha hayana dhamana, lakini wizi wa kuku au wa mtungi unayo. Nani alituambia? Hakuna. Kituo kikinyamaza, uvumi ndio unaotoa taarifa. Kungekuwa na karatasi moja tu ubaoni pale ofisi ya mtaa, imeandikwa kesi hii imefika mahakamani, imepangwa tarehe fulani, mshtakiwa yuko nje kwa dhamana, watu wengi wangeacha mawe chini.

Sisi watu wa kanda hii hatukuanza jana kutafuta ulinzi wetu wenyewe. Sungusungu walianzia huku kwetu Usukumani na Unyamwezini, upande wa Kahama na Nzega, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vita vya kumwondoa Idi Amin vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, bunduki zilikuwa zimezagaa, na wizi wa ng'ombe ulikuwa umepita kiasi. Watu walikuwa wakiona mwizi anapelekwa polisi leo na kesho anarudi. Wakachukua pinde na mishale, wakawa wanapiga mwano kijiji hadi kijiji, na ng'ombe wakapatikana. Serikali ikawaunga mkono, na mwaka 1989 sheria ikarekebishwa ili wawe na uwezo wa kukamata. Wazee waliopo hapa wanajua tunayosema, baadhi yao walishika pinde.

Lakini akina mama tunakumbuka na upande wa pili. Ng'ombe walipopungua kuibwa, ni nani walioanza kutafutwa? Katika baadhi ya vijiji walikuwa bibi zetu. Kikongwe mwenye macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe kwa miaka hamsini ya kuwapikia wengine, akaitwa mchawi, akatengwa, na wengine wakauawa. Ulinzi ule ulikuwa na nguvu sana, na haukuwa na mtu wa kuuhoji. Kwa hiyo mtu akituambia dawa ni kurudisha Sungusungu kama wa zamani, tunamwambia taratibu baba, kwanza utuambie nani atashika funguo.

Na tusije tukadhani ukali wa serikali peke yake ungeponya. Mwaka 1976, katika mikoa hii hii ya Mwanza na Shinyanga, palikuwa na mauaji mengi, na vyombo vya dola vikatumwa kuyakomesha. Watuhumiwa walikamatwa wakateswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa waliowakamata. Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo alikuwa Mzee Ali Hassan Mwinyi. Yeye hakumpiga mtu, wala hakuwepo. Lakini mwaka 1977 alijiuzulu, kwa kuwa yaliyotendeka yalitendwa chini ya wizara yake. Mnajua yaliyofuata: mwaka 1985 akawa Rais wa nchi hii, na alipofariki Februari 2024 watu walikitaja kitendo kile kwa heshima. Huo ndio uongozi imara tunaouelewa sisi. Siku hizi ukisema kiongozi imara watu wanafikiria mtu wa kufoka na kuweka watu ndani.

Polisi Jamii nayo ilizaliwa katika kipindi cha kukosa imani. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi mmoja waliuawa mikononi mwa polisi Dar es Salaam, na kwanza ilielezwa kwamba ni majambazi. Nchi ilishtuka. Mwaka huo huo Inspekta Jenerali Said Mwema aliteuliwa, na akaanza kuhubiri Polisi Jamii na ulinzi shirikishi: kwamba polisi peke yao hawawezi, na raia peke yao hawaruhusiwi. Baadaye yakaja madawati ya jinsia na watoto, ambayo yamefika zaidi ya 400 nchini. Hilo dawati tunalisifu kwa moyo mweupe. Kuna mwenzetu alikuwa akienda kusema mume wake anampiga, anaambiwa mbele ya foleni nzima, "Mama nenda mkayamalize nyumbani." Sasa anaingia chumbani, anasikilizwa na askari mwanamke, mlango umefungwa. Badiliko lile halikuhitaji bunduki mpya. Lilihitaji chumba, meza na mtu aliyefundishwa kusikiliza.

Yaliyotokea nchini siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, na siku zilizofuata, sisi sote tunayajua. Watu walikufa, intaneti ikazimwa, na Novemba Rais akaunda tume ya kuyachunguza. Hatukukutana leo kuyazungumza hayo, na kikundi chetu kina wanachama wa kila upande. Tunasema neno moja tu, kwamba baada ya siku zile imani kati ya raia na polisi imepungua, na askari wa kituo kidogo kama chetu anabeba mzigo wa mambo ambayo pengine hakuyatenda. Njia ya kumpunguzia ni kwa yeye na sisi kuonana uso kwa uso, kwa mambo madogo madogo, mara nyingi.

Na askari naye ni mtoto wa mtu. Hapa Mwanza hatujasahau Oktoba 2012, Kamanda wa Polisi wa mkoa wetu, Liberatus Barlow, alipopigwa risasi usiku pale Kitangiri akafa. Kamanda wa mkoa! Tunawajua askari wanaokaa vyumba vya kupanga mtaani kwetu, wanaodaiwa kodi kama sisi. Mmoja mke wake ni mwanachama, ana hisa zake, na mkopo wake amelipa kwa wakati kuliko wengine tuliopo hapa, tusitazamane. Tunaposema kituo hakina mafuta hatusemi kwamba askari amekunywa mafuta. Pengine hayakuletwa. Ila sasa mama anayesubiri gari atajuaje, kama hakuna anayemwambia?

Tuna jambo la kuwaambia na wenzetu wananchi. Kesi nyingi hufa kwa sababu mashahidi hawafiki mahakamani. Watu mia walimwona mwizi, siku ya ushahidi hayupo hata mmoja. Mshtakiwa anaachiwa, na watu wale wale mia wanasema polisi wamehongwa. Sababu tunazijua: nauli hakuna, biashara inalala, na kuna woga kwamba ukitoa taarifa jina lako litamfikia mwizi kabla hujafika nyumbani. Kwenye nauli kikundi chetu kimefanya kitu. Mfuko wa jamii, ule tunaochangia kila wiki kwa ajili ya misiba na magonjwa, sasa unamlipia nauli mwanachama yeyote aliyeitwa kutoa ushahidi, pamoja na mwenzake mmoja wa kumsindikiza. Si hela nyingi. Lakini mwanamke akiingia mahakamani ana mtu wa kumtazama machoni, maneno yanatoka.

Kwenye woga wa kutajwa, hapo hatuna uwezo. Hapo ni kwa Afande. Mwanamke mmoja akitoa taarifa juu ya wauza gongo na bangi nyuma ya soko, na kesho yake wakaja kumsalimia kwa jina, basi kwa miaka mitano mtaa mzima hautasema kitu. Askari mmoja mwenye mdomo mwepesi anafunga midomo ya watu elfu.

Halafu kuna michango ya ulinzi shirikishi. Kila kaya inatoa kila mwezi, na hatukatai kutoa. Lakini stakabadhi wengine hupewa, wengine hawapewi, na vijana wa doria wanasema mara nyingine mwezi unakwisha hawajaona kitu. Kijana ana filimbi, ana rungu, ana njaa, na amepewa usiku wote awe mwenye mtaa. Mnategemea nini? Ndipo anapoanza kusimamisha akina dada wanaotoka kazini saa nne za usiku na kuwaomba "ya soda". Kijana huyo hakuzaliwa mwizi. Fedha yake imepita mahali isipohesabiwa kwa sauti.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunafika kwenye maombi yetu. Hatuombi gari wala hatuombi kituo kipya, tunajua maombi hayo yameandikwa mara nyingi. Tunaomba kufuli.

Tunaomba kwamba mkuu wa kituo anapohamishwa, makabidhiano yasiishie ofisini kwa kuhesabiana bunduki na madaftari. Anayeondoka na anayeingia waje pamoja kwenye mkutano wa mtaa, mara moja tu, saa moja tu. Anayeondoka asome mbele yetu ahadi alizotupa na zilizobaki. Anayeingia aseme anachukua zipi, na kama kuna asiyoiweza aseme hapo hapo, hatutamzomea. Sisi mwenyekiti wetu akibadilika anahesabiwa fedha mbele ya wote kabla hajakaa kwenye kiti. Haijawahi kumdhalilisha yeyote.

Ahadi hizo ziandikwe kwenye daftari, nakala tatu: moja kituoni, moja kwa Mtendaji, na moja ikae kwa wananchi. Hiyo ya tatu tuko tayari kuilaza kwenye sanduku letu, chini ya kufuli zile zile, na atakayetaka kuisoma aje Jumamosi. Simu ya kituo iwe ya kituo, isiwe ya mtu, laini ikae mezani hata mkuu akihamishiwa Kigoma. Namba 112 ya dharura ipo na tunaijua, lakini mtu aliye kwenye korongo letu anahitaji simu inayopokelewa na mtu anayejua korongo lilipo. Na michango ya doria isomwe ubaoni kila mwezi, iliyoingia na iliyotoka, pamoja na majina ya vijana waliolipwa.

Mtu wa mwisho tuliyemweleza maombi haya, ni kiongozi, alicheka akasema, "Akina mama, mnataka polisi iendeshwe kama kibati!" Tulimjibu kwamba hatutaki polisi watukopeshe. Ila tumesikia pia kwamba Tume ya Haki Jinai, ile iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilimkabidhi Rais ripoti yake Julai 2023 na ikapendekeza mabadiliko makubwa katika polisi. Mabadiliko makubwa ni kazi ya wakubwa, yanaweza kuchukua miaka. Daftari la shilingi elfu mbili linaweza kununuliwa Jumatatu.

Kwa hakika tumeshalinunua. Hili hapa, jalada la bluu. Ukurasa wa kwanza tumeandika tarehe ya leo na ahadi zetu sisi kwanza, ili isionekane tunadai tu: kwamba mwanachama atakayeona mtu anapigwa atapiga simu na atapiga yowe, hata kama anayepigwa ndiye aliyemwibia, kwamba atakayeitwa ushahidi ataenda, kwamba hakuna mwanachama atakayetoa fedha kwa ajili ya RB, PF3 au dhamana, na atakayedaiwa atalileta jina la aliyemdai kwa mkuu wa kituo kwa maandishi, yeye na wenzake wawili. Chini yake wanachama wametia sahihi, na wasiojua kuandika wameweka dole gumba. Mama wa yule kijana ndiye aliyetia sahihi wa kwanza.

Ukurasa wa pili ni mtupu. Tumeuachia kituo. Afande, hatukulazimishi kuandika leo, tunajua una wakubwa wako wa kuwauliza. Tunakutana kila Jumamosi saa tisa alasiri, nyuma ya ghala la pamba la zamani, chini ya mwembe. Sanduku hufunguliwa saa tisa na robo, na kalamu itakuwepo.